Kalori Ngapi, na za Nani?

Leo tuzungumze kuhusu namba moja inayotembea sana mitaani kwetu: kalori 1,200 kwa siku. Utaikuta kwenye makundi ya simu ya akina dada wanaotaka kupungua, utaisikia saluni, utaisikia kwenye mazoezi ya jioni. Mtu akiuliza ale kiasi gani ili apungue mwili, anatajiwa 1,200. Awe na miaka 22 au 60, awe anashinda dukani amekaa au anapandisha ndoo za maji ghorofani, jibu ni hilo hilo. Na siku hizi wapo wanaoshuka hadi 800, hata 600, na badala ya kuonywa wanapongezwa.

Ninaloliamini, na ndilo lililonileta hapa, ni kwamba hakuna kiwango cha kalori kilicho salama peke yake. Kiwango huwa salama au huwa hatari kwa kutegemea mwili unaopewa. Anayekupa namba bila kukuuliza uzito wako, urefu wako, umri wako na kazi unayoshinda ukifanya, amekupa namba ya mtu mwingine.

Hii 1,200 ina umri wa zaidi ya miaka 100. Mwaka 1918, Vita ya Kwanza ya Dunia ikielekea ukingoni, daktari mmoja wa California, Lulu Hunt Peters, aliandika kitabu kilichowafundisha Wamarekani wa kawaida kuhesabu kalori. Aliwaambia wasiseme tena kipande cha mkate, waseme kalori 100 za mkate. Kitabu kilinunuliwa mno, na 1,200 ni mojawapo ya viwango alivyowapa wanawake waliotaka kupungua. Sina ugomvi na mama yule. Ugomvi wangu ni na sisi, tulioichukua namba tukaacha hesabu inayoizaa.

Nikupe kisa cha pili, pia cha Marekani, kwa sababu ndicho kinachonifanya nilisemee jambo hili kwa uchungu. Novemba 1944, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, vijana 36 walijitolea kufanyiwa utafiti. Walikuwa wamekataa kubeba silaha kwa sababu ya imani zao, wakaona basi watoe mchango wao kwa njia hii: wakubali kulishwa kidogo, ili madaktari wajue namna ya kuwahudumia watu waliokuwa wakifa njaa Ulaya. Aliyeongoza kazi ile ni Ancel Keys. Kwa miezi mitatu ya mwanzo walikula kama kalori 3,200 kwa siku, na uzito wao ukatulia. Kuanzia Februari 1945, kwa miezi sita, wakapunguziwa hadi wastani wa kalori 1,570 kwa siku, viazi, mkate na makaroni kwa wingi, huku wakitakiwa kutembea kilomita 35 kila wiki.

Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Mapigo ya moyo yakapungua kasi, wakawa wanasikia baridi hata kiangazi, miguu ikavimba, nguvu zikaisha. Kilichotisha zaidi kilikuwa akilini. Vijana waliokuwa wachangamfu wakawa wakali na wenye huzuni. Wakaota chakula usiku, na mchana wakasoma vitabu vya mapishi kama mwingine anavyosoma riwaya. Wakalamba sahani. Na waliporuhusiwa kula tena walikula bila kushiba, uzito ukarudi na mafuta ya ziada juu yake. Matokeo yalichapishwa mwaka 1950, na hadi leo wanaosomea lishe wanayasoma.

Sasa shika hiyo 1,570 kichwani, msikilizaji, maana tutakutana nayo tena muda si mrefu.

Chukua kalamu na karatasi. Mwaka 1990 watafiti wa Marekani, Mifflin na St Jeor, walitoa kanuni ya kukadiria kalori ambazo mwili hutumia ukiwa umepumzika tu, yaani moyo kudunda, mapafu kuvuta hewa, ubongo na ini kufanya kazi. Ni rahisi. Zidisha kilo zako kwa 10. Zidisha urefu wako wa sentimita kwa 6.25. Jumlisha hizo mbili. Kisha zidisha umri wako kwa 5, na utoe jibu lake kwenye ile jumla. Mwanamke atoe tena 161. Mwanamume hatoi, yeye anaongeza 5. Ukishapata hapo, zidisha kwa 1.2 kama unashinda umekaa, au kwa 1.375 kama una shughuli nyepesi na unatembea kiasi. Jibu ndilo kadirio la kalori unazotumia kwa siku nzima.

Tumfikirie mama mmoja fundi cherehani. Ana miaka 40, urefu sentimita 160, uzito kilo 85. Kilo 85 mara 10 ni 850. Urefu wake unampa 1,000. Jumla 1,850. Toa 200 za umri, toa 161, inabaki 1,489. Anakaa kwenye cherehani, lakini anatembea hadi kituo cha basi na nyumbani anafagia, anafua, anapika, kwa hiyo tunazidisha kwa 1.375. Tunapata kama 2,050. Hicho ndicho chakula kinachomweka pale alipo, asinenepe wala asikonde.

Sasa apunguze ngapi? Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kama kalori 7,700. Akipunguza 500 kila siku, kwa wiki ni 3,500, karibu nusu kilo. Kwa mwezi ni kama kilo 2. Kwa hiyo mama huyu ale kalori 1,550 kwa siku.

Umeona? 1,550. Ni karibu sawa kabisa na walichokula vijana wa Minnesota. Kwa vijana wale, ambao tangu mwanzo hawakuwa na mafuta ya kupoteza na walizoea zaidi ya 3,000, chakula kile kilikuwa njaa iliyowavuruga akili. Kwa mama huyu mwenye akiba mwilini na matumizi ya 2,050, ni mpango wa busara ambao anaweza kuishi nao mwaka mzima. Ndiyo maana nasema usiazime namba ya mwenzako, hata akiwa shoga yako wa damu.

Wengi wakifika hapa huridhika: kumbe ni kutoa 500 tu! La hasha. Tumchukue bibi wa miaka 60, sentimita 150, kilo 65, magoti yanamsumbua kwa hiyo anashinda amekaa. Kilo zake 650, urefu 937, jumla 1,587. Toa 300, toa 161, inabaki 1,126. Zidisha kwa 1.2, tunapata 1,350. Ukimtolea 500 anabaki na 850. Mtu mzima huwezi kumlisha 850 nyumbani halafu ukasema anapungua kwa usalama. Hapo hakuna nafasi ya kuweka protini ya kutosha, madini ya chuma, kalisi, vitamini. Atapoteza misuli pamoja na mafuta, na mtu wa miaka 60 akipoteza misuli anaanza kuanguka. Miongozo waliyoitoa madaktari wa moyo na wa unene nchini Marekani mwaka 2013 inaweka 1,200 hadi 1,500 kwa wanawake na 1,500 hadi 1,800 kwa wanaume. Chini ya 800 ni tiba, inasimamiwa na daktari anayepima damu yako mara kwa mara.

Bibi huyu basi tunampa 1,200, upungufu wa 150 tu. Akiweza kutembea taratibu nusu saa kwa siku, au kufanya mazoezi ya mikono akiwa ameketi, anaongeza kama 80 au 100. Hapo atapungua kilo moja kwa mwezi, wakati mwingine chini ya hapo. Watu wataona kidogo. Mimi naona ni nyingi: kwa mwaka ni zaidi ya kilo 10 kwa hesabu ya karatasini, na hata akipata nusu yake, magoti yale yatamshukuru.

Kwa nini nasisitiza polepole? Kwa sababu faida kubwa ya afya inaanza mapema kuliko tunavyodhani. Mtu mwenye uzito uliozidi akipunguza asilimia 5 hadi 10 ya uzito wake, presha hushuka, sukari kwenye damu hukaa vizuri zaidi. Kwa fundi cherehani wetu ni kilo 4 hadi 8. Na anayepungua kwa kasi sana hujiongezea hatari ya vijiwe kwenye mfuko wa nyongo, maumivu ambayo humpeleka mtu chumba cha upasuaji. Kisha liko jambo letu la jamii. Wengi tumekulia katika miaka ambayo kukonda ghafla kulimaanisha ugonjwa, na hadi leo mtu akipungua kilo 8 kwa mwezi majirani wanaanza kunong'ona. Anayepungua kilo 2 huulizwa anakula nini, siyo anaumwa nini. Na niongeze hapa hapa: ukipungua bila kukusudia, usifurahi. Nenda kapime kifua kikuu, kapime sukari.

Hili si jambo la watu wachache. Utafiti wa Demografia na Afya wa Tanzania wa mwaka 2015–16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au kiribatumbo. Ni zaidi ya mmoja kati ya wanne.

Tuingie jikoni. Hapa ndipo ushauri mwingi unaotoka nje unapotushinda. Programu za simu zinataka uandike sahani yako: gramu kadhaa za hiki, kikombe cha kile. Sisi tunakula kwenye sinia. Tonge langu na tonge la mwanangu yanatoka bonge moja, mchuzi ni mmoja, na mpishi hakupima mafuta, aliyamimina kwa jicho. Utahesabu vipi?

Mimi nashauri uhesabu stoo badala ya sahani. Lita moja ya mafuta ya kupikia ina zaidi ya kalori 8,000. Chukua nyumba ya watu wanne wanaomaliza dumu la lita 5 kwa mwezi. Hizo ni zaidi ya kalori 40,000. Gawanya kwa watu wanne, gawanya kwa siku 30: kila mmoja anakula kama kalori 340 za mafuta matupu kila siku, kabla hujahesabu ugali, wali wala nyama. Sasa sukari. Kilo moja ina karibu 4,000. Nyumba hiyo hiyo ikimaliza kilo 5 kwa mwezi, kila mtu anakula kama 165 kwa siku. Jumlisha: zaidi ya 500. Ile 500 tuliyokuwa tunaitafuta imekaa kwenye dumu na kwenye mfuko wa sukari, na wala hatukuiona mezani.

Simaanishi mtu ale mchicha wa kuchemsha bila tone la mafuta. Mafuta yana kazi mwilini, na mboga za majani bila mafuta kidogo hazitupi vitamini A ipasavyo. Namaanisha nyumba ile iende na dumu moja kwa wiki sita badala ya nne, na sukari ipungue nusu. Peke yake hiyo inampunguzia kila mtu kama 200 kwa siku, na ugali hajaugusa mtu. Mpishi achukue kijiko cha chakula, kile kikubwa, apime. Kijiko kimoja ni kalori 120. Mchicha wa watu wanne unatosheka na vijiko viwili. Wengine wetu tunaweka vinane, ukiinamisha sahani mafuta yanatiririka pembeni.

Soda ya chupa ya mililita 350 ina kama kalori 150. Chai yenye vijiko vinne vidogo vya sukari, 80 za sukari tu, na wapo wanaokunywa vikombe vitatu. Sahani ya chipsi mayai ya barabarani, yenye gramu 200 za chipsi, mayai mawili na mafuta ya kukaangia, inakaribia 900. Fundi cherehani wetu akila hiyo na soda mchana, amebakiza 500 kwa asubuhi na usiku. Hakatazwi. Lakini ajue.

Basi 1,550 inafanana na nini? Asubuhi anywe chai ya maziwa bila sukari, ale kiazi kitamu cha kuchemsha cha gramu 200 na yai moja. Hapo amekula kama 330. Mchana ale ugali wa dona uliosongwa kwa gramu 100 za unga, dagaa wakavu konzi moja wa kuunga kwa kijiko kimoja cha mafuta, na mchicha mwingi kadiri anavyotaka. Ni kama 610. Alasiri chungwa, 60. Usiku wali kiasi cha ngumi moja na nusu, maharage bakuli dogo, kachumbari, robo ya parachichi. Hiyo ni 550. Hakuna kitu cha kuagiza kutoka nje hapo, hakuna unga wa kukoroga wala chai ya kuharisha. Na niwe mkweli kuhusu hizo chai za kukata tumbo: nyingi zinakuharisha, unapoteza maji, mizani inashuka, ukinywa maji inapanda. Mafuta hayajaguswa.

Angalia pia kwamba kila mlo ule una protini: yai, dagaa, maharage. Anayepungua anahitaji protini kuliko asiyepungua, ili mwili uchome mafuta na uache misuli. Dada anayekula matunda tu kutwa nzima anadhani amefanya vizuri, kumbe anajinyima kile kinachomlinda. Anayetaka kujua zaidi thamani ya vyakula vyetu, si vya Ulaya, yapo majedwali yaliyotolewa mwaka 2008 na Taasisi ya Chakula na Lishe, Chuo Kikuu cha Muhimbili na Harvard. Humo kuna ugali, kuna ndizi za kupika, kuna kisamvu.

Sasa usije ukaniambia baada ya wiki mbili kwamba hesabu imedanganya. Wiki ya kwanza mizani inaweza kushuka kilo 2, na nyingi ni maji, kwa sababu akiba ya wanga kwenye ini na misuli hutoka na maji yake. Kisha mwendo unapoa. Mwanamke anayekaribia hedhi anaweza kupanda kilo nzima ya maji na kulia bure. Pima mara moja kwa wiki, asubuhi, kwa mizani ile ile, na usitoe hukumu kabla ya wiki nne. Kanuni niliyokupa ni makadirio. Ilitokana na vipimo vya Wamarekani, na hata kwao huteleza kwa asilimia 10 kwa mtu na mtu. Baada ya wiki nne, mwili wako ndio unaosema kweli. Ukipungua zaidi ya kilo moja kila wiki, ongeza chakula. Usipopungua kabisa, punguza 100, siyo 500.

Na mwili mdogo unatumia kidogo. Fundi cherehani akifika kilo 75, matumizi yake yanakuwa kama 1,910, siyo 2,050 tena. Akiendelea na 1,550 atapungua kwa mwendo wa taratibu zaidi. Wengi wakifika hapo hukata tamaa, wengine hushuka kwa hasira hadi 900. Mimi namshauri akae hapo hapo kwa miezi miwili mitatu, adumishe alichopata, kisha aamue.

Zipo dalili za kwamba umeshuka mno: kizunguzungu ukisimama, hedhi kukatika, nywele kutoka kwa wingi kwenye kitana, baridi wakati wenzako wanatoka jasho, hasira zisizo na sababu, na mawazo yanayozunguka chakula asubuhi hadi usiku. Ukiziona, ongeza chakula siku hiyo hiyo na umwone mtaalamu.

Wapo ambao hesabu hii si yao. Mjamzito, anayenyonyesha, mtoto na kijana anayekua, anayetibiwa kifua kikuu, mtu ambaye tayari ni mwembamba, na yeyote aliyewahi kuugua ugonjwa wa kujinyima chakula au kujitapisha. Hawa wasikate kalori kwa kusikia redioni. Na wewe unayetumia insulini au vidonge vya glibenklamaidi kwa ajili ya kisukari, au dawa za presha, tafadhali nisikilize vizuri: ukipunguza chakula na dozi ikabaki ile ile, sukari au presha inaweza kuporomoka ukazimia. Nenda kliniki kwanza, uwe na karatasi yenye hesabu yako mkononi, umwonyeshe daktari, na mkae mpange dozi pamoja kabla hujapunguza hata tonge moja.